Lesoni ya 7: Kinda Aliyeanguka

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Mwa. 1:20–28, Kum. 22:6, 7, Mit. 12:10, 19:2, Mt. 12:11, 12, Mt. 10:29–31, Lk. 12:6, Rum. 8:19–22, Mwa. 8:6–12, Lk. 8:38, 39.

Fungu la Kukariri: Mathayo 10:29. Lisome katika Biblia yako, ulirudie kila siku juma hili hadi uweze kulisema bila kutazama.

Sabato moja, wakati wa mvua za vuli, watoto wa kanisa moja la Mwanza walitembea na mwalimu wao kando ya ziwa, upande wa Luchelele, kuangalia kazi za uumbaji. Usiku uliotangulia upepo wa ziwani ulikuwa umevuma kwa nguvu. Matete yalikuwa yamelala, na viota kadhaa vya mnana, wale ndege wa manjano wanaofuma viota vya kuning'inia, vilikuwa vimeangukia majini. Binti wa miaka tisa akaona makinda wawili. Mmoja alikuwa uchi, macho yake bado hayajafunguka, amelala juu ya majani yaliyolowa. Mwingine alikuwa na manyoya tayari na mkia mfupi, akirukaruka pembeni ya njia. Binti akawaweka wote wawili ndani ya kofia yake, akaenda nao nyumbani kwa furaha.

Bibi yake, aliyechuuza dagaa kwa miaka mingi pale Mwaloni, Kirumba, alifunua ile kofia, akatazama kwa muda. "Huyu asiye na manyoya ana shida kweli," alisema. "Lakini huyu mwingine, mjukuu wangu, hukumwokoa. Umemchukua kwa mama yake, na mama yake anamtafuta sasa hivi."

Binti akaanza kulia. Nia yake ilikuwa njema kabisa. Alidhani anatenda mema, naye akaambiwa amemtenga kinda na mamaye.

Juma hili tutajifunza kutokana na makinda hawa wawili. Tutaona kwamba Mungu anawajali viumbe wadogo kuliko tunavyofikiri, na kwamba huruma anayotufundisha ina macho pamoja na moyo. Tena tutaona kwamba namna mtu anavyomshika ndege inaweza kuonesha namna anavyowashika watu.

*Jifunze somo la juma hili kujiandaa kwa ajili ya Sabato ijayo.*

JUMAPILI

Baraka ya Kwanza

Soma Mwanzo 1:20–23. Mungu aliwafanyia nini samaki na ndege katika siku ya tano, kabla mwanadamu hajaumbwa?

Mkazi wa Mwanza hahitaji kusafiri mbali ili aione kazi ya siku ya tano. Asubuhi mnandi husimama juu ya mawe ya ziwani, mabawa wameyatandaza yakauke. Mdiria hutulia hewani akipigapiga mabawa mahali pamoja, kisha hujitupa majini kichwa kikitangulia, akatoka na samaki mdomoni. Mahali dagaa wanapoanikwa, yangeyange, mwewe na korongo wakubwa wenye upara hungoja sehemu yao. Dakika chache kwa boti kutoka mjini kipo kisiwa cha Saanane, kilichotangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2013. Hata huko ndege wamejaa miambani na mitini.

Wengi hupita bila kutambua jambo moja katika sura hii ya kwanza ya Biblia. Mara ya kwanza tunapoambiwa kwamba Mungu alibariki, hakuwa akimbariki mwanadamu. Aliwabariki samaki na ndege (Mwa. 1:22). Aliwapa neno la kuongezeka na kuijaza nafasi aliyowaandalia. Mwanadamu alikuja siku iliyofuata, naye akabarikiwa (Mwa. 1:28). Hivyo, alipokabidhiwa utawala juu ya ndege wa angani, alikabidhiwa viumbe ambao tayari walikuwa wamebeba baraka ya Muumbaji.

Jambo hili linabadilisha maana ya neno "kutawala." Mtu akiachiwa shamba na mwenye mali, naye akajua kwamba mwenye mali amekwisha kuliombea na kulipenda, hatalichezea. Adamu aliwekwa bustanini ailime na kuitunza (Mwa. 2:15). Kutawala na kutunza havikutenganishwa.

Kiota ni mahali ambapo baraka ile ya siku ya tano inaendelea kutimia. Kila jike la mnana analalia mayai yake juu ya matete ya Ziwa Victoria kwa sababu ya neno lililonenwa wakati wa uumbaji. Mtoto anayepiga kiota kwa manati, au mtu mzima anayechoma matete wakati wa kuzaliana bila sababu, anagusa kitu ambacho Mungu alikiwekea mkono wake kabla yetu.

*Ni kiumbe gani unayemwona kila siku karibu na nyumba yako ambaye hujawahi kumfikiria kuwa amebarikiwa na Mungu? Wazo hilo lingebadilisha nini katika jinsi unavyomtendea?*

JUMATATU

Amri ya Kiota

Soma Kumbukumbu la Torati 22:6, 7. Mungu aliagiza nini kuhusu mtu anayekuta kiota njiani? Ni ahadi gani inayofuata agizo hilo?

Musa alikuwa akiwaandaa Israeli kuingia katika nchi ya ahadi. Alizungumza juu ya ibada, vita, ndoa, wafalme na mahakama. Katikati ya mambo hayo makubwa akasimama kando ya njia, penye kiota. Mwisraeli akimkuta ndege amelalia mayai au makinda, asimchukue mama pamoja na watoto wake. Mama aachwe aende.

Walimu wa Kiyahudi wa zamani waliihesabu hii kuwa miongoni mwa amri nyepesi kuliko zote. Haimgharimu mtu chochote, wala hakuna shahidi kule porini. Lakini tazama ahadi iliyofungwa nayo: kufanikiwa, na kuongezewa siku. Ni ahadi ileile iliyofungwa na amri ya kuwaheshimu baba na mama (Kut. 20:12, Kum. 5:16). Mungu aliweka heshima ya mama wa mwanadamu na uhai wa mama wa ndege chini ya ahadi moja.

Kwa nini? Kwanza, ni rehema. Mama wa ndege hukamatika kirahisi kiotani kwa sababu tu hataki kuwaacha watoto wake. Kumkamata hapo ni kuutumia upendo wake kama mtego. Pili, ni hekima. Mama akiachwa, atataga tena. Anayechukua mama na makinda kwa pamoja amekula mavuno, na mbegu pia ameila.

Wavuvi wa ziwa hili wanalielewa jambo hilo. Taratibu za uvuvi katika Ziwa Victoria kwa upande wa Tanzania zilipata kuagiza kwamba sangara anayevuliwa awe kati ya sentimita 50 na 85. Aliye mdogo aachwe akue, na mkubwa mwenye mayai mengi aachwe azae. Kokoro limepigwa marufuku kwa sababu linakomba wakubwa kwa wadogo, pamoja na mazalia yao. Watu wa mwaloni wanajua kinachotokea amri kama hizo zinapodharauliwa. Mitumbwi inarudi mitupu, na nyumba zinalala njaa.

Mfalme wa Ashuru alijisifu kwamba ameyakusanya mataifa kama mtu anavyokusanya mayai kiotani, wala hakuna aliyetikisa bawa (Isa. 10:14). Mtu anayezoea kutomwona mama wa ndege anaweza kufika mahali asiwaone akina mama wa kibinadamu.

*Ni amri gani "ndogo" ambayo umekuwa ukiipuuza kwa sababu hakuna anayekuona? Inaonesha nini kuhusu moyo wako?*

JUMANNE

Tazama Kwanza

Soma Mithali 12:10 na Mithali 19:2. Mwenye haki anamjuaje mnyama wake? Kuna hatari gani katika bidii isiyo na maarifa?

Mithali ya kwanza inaanza na kujua. Mwenye haki anajua mnyama wake anahitaji nini. Mithali ya pili inaonya kwamba mwenye haraka ya miguu hukosa njia. Yule binti wa Luchelele alikuwa na huruma, lakini miguu yake iliyatangulia macho yake.

Makinda wa ndege wengi hupita hatua mbili. Hatua ya kwanza ni ya kiotani: kinda yu uchi au ana manyoya machache, na hawezi kujipatia joto. Huyu akionekana chini, ameanguka kweli. Hatua ya pili ni ya kujifunza: kinda ana manyoya, anarukaruka, lakini hajaweza kuruka vizuri. Hutoka kiotani mwenyewe na kukaa chini au vichakani kwa siku kadhaa, huku wazazi wakiendelea kumletea wadudu. Huyu hajapotea. Yuko shuleni. Wengi wa makinda wanaookotwa ni wa namna hii.

Basi mtu afanye nini? Kwanza asimame mbali na kutazama. Mara nyingi mzazi yuko juu ya mti, anangoja watu waondoke. Kinda mwenye manyoya aachwe alipo, au kama yuko njiani au karibu na paka, awekwe juu ya tawi la karibu. Kinda asiye na manyoya arudishwe kiotani ikiwezekana. Si kweli kwamba mama atamkataa kwa sababu ya harufu ya mkono wa mtu. Kifungo cha ndege na watoto wao ni chenye nguvu kuliko harufu. Kiota kikiwa kimeharibika, kikapu kidogo chenye matundu chini na majani makavu ndani kinaweza kufungwa mahali palepale, kisha watu wakajitenga na kuangalia kama wazazi wanarudi.

Ikibidi kumchukua, awekwe ndani ya boksi lenye kitambaa laini, mahali penye joto, giza na utulivu. Asipewe maziwa, kwa kuwa tumbo la ndege halikuumbwa kwa maziwa. Asimiminiwe maji mdomoni, yasije yakaingia kwenye njia ya hewa. Asigeuzwe kuwa mchezo wa watoto. Aliyemshika anawe mikono kwa sabuni. Wakionekana ndege wengi waliokufa mahali pamoja, wasiguswe, bali afisa mifugo aarifiwe. Tena Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 haimruhusu mtu kufuga wanyamapori bila kibali, kwa hiyo maafisa wa wanyamapori waulizwe mapema.

Soma Mathayo 12:11, 12. Baadhi ya watoto walimwuliza mwalimu kama ni halali kumhangaikia ndege siku ya Sabato. Yesu alikwisha kujibu alipotaja kondoo aliyetumbukia shimoni. Siku ya kukumbuka uumbaji haiwezi kuwa siku ya kumpita kiumbe anayekufa.

Jioni ileile, kabla jua halijazama, mwalimu na binti walirudi pale kwenye matete. Wakamweka kinda mwenye manyoya juu ya kichaka kifupi, wakajificha nyuma ya jiwe. Walingoja hadi miguu ikafa ganzi. Kisha ndege wa manjano akashuka, ana mdudu mdomoni.

*Msamaria aliona, ndipo akahurumia, ndipo akatenda (Lk. 10:33, 34). Ni lini ulimsaidia mtu bila kumtazama wala kumsikiliza kwanza? Matokeo yake yalikuwa nini?*

JUMATANO

Shomoro wa Tano

Soma Mathayo 10:29–31 pamoja na Luka 12:6. Linganisha bei za shomoro katika mafungu haya mawili. Unagundua nini?

Yule kinda mwingine hakuwa na pa kurudi. Kiota chake kilikuwa kimezama. Bibi alimlaza ndani ya boksi, juu ya kitambaa cha pamba, kando ya chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa kanga. Binti aliamka mara mbili usiku kumwangalia. Alfajiri alimkuta amekufa.

"Bibi," aliuliza, "mwalimu alisema Mungu anawaona ndege. Huyu hakumwona?"

Swali hilo si la watoto tu. Wajane wa wavuvi waliozama ziwani wanaliuliza. Wazazi wanaliuliza katika wodi za hospitali. Haifai kulijibu kwa haraka.

Tuanze na yale ambayo Yesu hakusema. Hakusema kwamba shomoro hawaanguki. Alisema hakuna hata mmoja anayeanguka bila Baba. Aliyasema hayo kwa wanafunzi aliokuwa akiwatuma kama kondoo kati ya mbwa mwitu, na aliwaambia wazi kwamba wengine wangeuawa (Mt. 10:16–28). Ahadi yake haikuwa kwamba hawataumia. Ahadi ilikuwa kwamba hawataumia peke yao, wala hawatasahauliwa.

Sasa tazama bei. Katika Mathayo shomoro wawili wanauzwa kwa sarafu moja. Katika Luka ni watano kwa sarafu mbili. Mnunuzi akilipa mara mbili, anapata mmoja zaidi bila malipo. Mtu yeyote aliyewahi kununua dagaa sokoni anaijua desturi hii. Baada ya kupima, muuzaji huongeza kiganja kimoja juu yake: hiyo ni nyongeza. Shomoro wa tano alikuwa nyongeza. Sokoni hakuwa na bei kabisa. Lakini Yesu anasema kwamba hata yeye hasahauliwi mbele za Mungu.

Ni kwa nini basi anaanguka? Paulo anajibu kwamba viumbe vyote vinaugua pamoja chini ya utumwa wa uharibifu, vikingojea kufunuliwa kwa wana wa Mungu (Rum. 8:19–22). Dhambi ya mwanadamu iliingiza mauti katika ulimwengu uliobarikiwa. Upepo unaobomoa kiota ni sehemu ya ulimwengu uliojeruhiwa katika pambano kuu kati ya Kristo na Shetani. Mungu hakuridhika na hali hiyo. Alimtoa Mwanawe aanguke katika mauti, ili siku moja asiwepo wa kudhuru wala kuharibu katika mlima wake wote mtakatifu (Isa. 11:6–9).

Bibi hakuwa na maneno mengi. Alimkalisha mjukuu wake mkekani, akamwambia, "Alimwona. Wewe uliyemwona pale kwenye majani, nani alikufungua macho? Wengine wote walikuwa wamepita." Kisha wakachimba shimo dogo chini ya mwembe, wakamzika.

*Wewe mwenyewe umewahi kujiona kama shomoro wa tano, mtu asiye na bei? Ni nini katika maneno ya Yesu kinachokutia nguvu leo?*

ALHAMISI

Mkono Unaofunguka

Soma Mwanzo 8:6–12. Nuhu alifanya nini njiwa aliporudi mara ya kwanza? Alifanya nini alipokosa kurudi mara ya tatu?

Nuhu ni mtu wa kwanza katika Biblia anayeonekana akiwa na ndege mkononi. Njiwa alirudi amechoka, hakuona pa kutua. Nuhu akanyosha mkono wake, akamchukua, akamwingiza safinani. Huo ni mkono wa rehema. Lakini baada ya siku saba mkono uleule ulifunguka. Njiwa akarudi na jani bichi la mzeituni. Baada ya siku saba nyingine mkono ukafunguka tena, na safari hii njiwa hakurudi. Nuhu hakulalamika kwamba njiwa hana shukrani. Alielewa kwamba kutorudi kwake ni habari njema. Nchi ilikuwa imekauka, na njiwa amepata makao.

Katika ziwa letu, Kisiwa cha Rubondo kina historia inayofanana na hiyo. Kati ya mwaka 1966 na 1969 sokwe kadhaa waliokuwa wamefungiwa katika bustani za wanyama huko Ulaya waliletwa na kuachiwa kisiwani humo, kwa kazi ya shirika la wanyama la Frankfurt. Kilichokusudiwa kilikuwa ni wao kuishi bila kuhitaji watu. Leo wazao wao wanajitafutia chakula na kulala katika msitu wa Rubondo, ambayo ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1977. Mafanikio ya waliowasaidia ni kwamba hawahitajiki tena.

Waswahili husema kwamba ndege mwigo hana mazoea. Yapo mambo ambayo hayafugiki. Kuokoa ni jambo moja, na kumiliki ni jambo jingine, hata kama vyote viwili vinaanza kwa mkono ulionyoshwa.

Hapa somo la ndege linagusa nyumba zetu. Mtoto analetwa mjini kutoka kijijini kwa ahadi kwamba atasomeshwa. Wazazi wanashukuru, kanisa linasifu. Miaka inapita, naye bado anafua na kulea watoto wa wengine, wala darasa hajaliona. Je, aliokolewa, au alichukuliwa kiotani? Mshiriki mpya anabatizwa, na aliyemleta anataka amtegemee yeye kwa kila jambo badala ya kusimama katika Neno. Mzazi anamkatalia kijana wake kila hatua kwa kuogopa nyumba itakuwa tupu. Nia inaweza kuwa njema, lakini mkono haujafunguka.

Soma Luka 8:38, 39. Ng'ambo ya bahari ya Galilaya, mtu aliyeponywa alimsihi Yesu akae naye. Yesu hakumzuia kwa ajili ya kujionesha mbele ya makutano. Alimrudisha nyumbani kwake, awe shahidi miongoni mwa watu wake. Mwokozi wetu hushika ili kuponya, na huponya ili kutuma.

*Ni nani uliyemsaidia ambaye sasa unapaswa kumwacha aruke? Ni nini kinakufanya uogope kufungua mkono?*

IJUMAA

Kwa Kujifunza Zaidi: Soma Zaburi 84:3, na uone mahali ambapo shomoro na mbayuwayu walipata kuweka viota vyao. Soma pia Ayubu 38:41 na Zaburi 147:9 kuhusu makinda wa kunguru wanaomlilia Mungu, na Kumbukumbu la Torati 32:11, ambapo Mungu mwenyewe anajilinganisha na tai anayewafundisha makinda wake kuruka.

Mafungu haya yakisomwa pamoja, yanaonesha picha moja. Mungu anatoa mahali pa kiota karibu kabisa na madhabahu yake. Anasikia sauti ya kinda ambayo hakuna mwingine anayeielewa. Tena hamwachi kinda akae kiotani milele, bali anakitikisa kiota na kuyatandaza mabawa yake chini ya yule anayejifunza. Ulinzi na uhuru vinatoka katika upendo uleule.

Sabato iliyofuata watoto walikwenda tena Luchelele. Madume ya mnana yalikuwa yameanza kufuma upya juu ya matete yaliyosimama, kila moja likichana jani refu na kulivuta kwa mdomo. Makinda wenye mkia mfupi walikuwa wengi. Binti aliwatazama mmoja mmoja, lakini hakuweza kumtambua wake. Mwalimu akamwuliza kama amehuzunika. Alifikiri kidogo, akasema hapana, kwa sababu wote wanafanana, na wote wana mama.

Maswali ya Kujadili:

1. Darasani, jadilini tofauti kati ya huruma yenye maarifa na huruma ya haraka. Toeni mifano kutoka katika huduma za kanisa lenu kwa wahitaji. Ni nani mnayemsaidia bila kumwuliza anahitaji nini?

2. Mwanadarasa mmoja anasema, "Watu wanakufa njaa, nasi tunazungumzia ndege!" Mngemjibuje kwa upendo, mkitumia Kumbukumbu la Torati 22:6, 7 na Mathayo 10:31? Je, kuwajali viumbe wadogo hupunguza au huongeza uwezo wetu wa kuwajali watu?

3. Uvuvi haramu huendelea mara nyingi kwa sababu ya umaskini. Mshiriki mwenye watoto wenye njaa na nyavu zisizoruhusiwa anahitaji kusikia nini kutoka kanisani, na anahitaji kuona nini zaidi ya maneno?

4. Je, katika nyumba za washiriki wenu kuna mtoto aliyeletwa kwa ahadi ya kusomeshwa? Fikirini kwa busara na bila kumwaibisha mtu: kanisa linaweza kufanya nini ili ahadi hiyo itimizwe kabla ya mwaka huu wa shule kwisha?

5. Mtoto akikuuliza kwa nini Mungu alimwacha kinda afe, utamjibuje bila kumdanganya na bila kumvunja moyo?